Ligi ya besiboli ya Japani: timu 12, msimu mmoja, mabingwa watatu

Kila ninapomweleza ligi ya besiboli ya Japani mtu aliyekulia kwenye Simba na Yanga, hatumalizi dakika tano kabla hajauliza: "Wangapi wanashuka daraja?" Hakuna. Timu ni 12, zimekuwa 12 tangu 1958, na inayoburuza mkia mwaka huu mwakani itaanza pale pale na wenzake, jezi zimefuliwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Swali la pili ndilo gumu: "Sasa bingwa ni nani?" Hapo huwa naagiza chai nyingine, maana mwaka 2024 jibu lilikuwa timu tatu.

Kazi yangu ni kuandika alama. Nakaa pembeni ya uwanja na karatasi na penseli, kila mpira unaorushwa nauwekea alama yake. Vijana wa Dar es Salaam wanaoujua uwanja wa Shule ya Sekondari Azania, ule uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien, ndio wanaonisumbua zaidi kwa maswali haya. Basi leo nayajibu kwa mkupuo.

Anza na majina, kwa sababu humo ndimo mfumo mzima ulimojificha. Yomiuri ni gazeti. Chunichi nalo gazeti. Hanshin na Seibu ni kampuni za reli. Yakult ni kinywaji cha maziwa, Nippon-Ham wanauza nyama, Lotte peremende na bigijii, SoftBank mambo ya simu, Rakuten duka la mtandaoni, Orix mikopo na fedha, DeNA michezo ya kwenye simu. (Na tafadhali, Nippon-Ham Fighters si wapiganaji wa nyama ya nguruwe. Nippon-Ham ndiye mwenye mali, Fighters ndiyo jina la timu.)

Timu ya kampuni si kitu kigeni kwetu, Azam tunao na Mtibwa Sugar tunao. Ila Japani jambo hili lilipata mbeleko ya serikali. Mwaka 1954 mamlaka ya kodi ilitoa mwongozo kwamba kampuni mama ikifidia hasara ya klabu yake ya besiboli, fedha hizo zinaweza kuhesabiwa kama gharama za matangazo. Ukishalielewa hilo, mengi yanafunguka. Klabu ingeweza kula hasara miaka nenda rudi na mwenye mali asipige kelele, kwani jina lake liko kwenye jezi, redioni na magazetini karibu kila siku kuanzia machipuko hadi vuli. Na kilichoiweka timu kwenye ligi kilikuwa mfuko wa mwenye mali, si nafasi yake kwenye msimamo.

Hiroshima ndiyo iliyoanza kwa shida ya kweli. Mwaka 1951 Carp, ndilo jina la timu ya mji huo, hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao, mishahara ikagoma, mashabiki wakaweka mapipa ya pombe ya mchele nje ya uwanja na kila anayepita akadumbukiza alichonacho. Neno Toyo lililomo kwenye jina la timu lilikuja baadaye, nalo linatokana na kampuni ya magari tunayoijua leo kama Mazda.

Mfumo huu ulikaribia kuvunjika mwaka 2004. Kampuni ya reli ya Kintetsu ilichoka na hasara, ikataka timu yake iunganishwe na Orix, na wenye timu wengine wakaanza kunong'ona kuhusu kupunguza klabu zaidi na kubaki na ligi moja tu. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Atsuya Furuta, mdakaji wa Yakult, kiligoma. Jumamosi na Jumapili, tarehe 18 na 19 Septemba, hapakuchezwa mechi hata moja. Ulikuwa mgomo wa kwanza katika historia ya besiboli ya kulipwa Japani, na mashabiki wengi walikuwa upande wa wachezaji. Muungano ulipita, lakini Rakuten waliruhusiwa kuanzisha timu mpya mjini Sendai kwa msimu wa 2005, hesabu ikarudi 12. Msimu wao wa kwanza walishinda 38, wakapoteza 97, sare moja. Kwa kanuni za kwetu wangeshushwa daraja, wanacheza kwenye vumbi. Mwaka 2013 wakawa mabingwa wa Japani.

Timu hizo 12 zimegawanywa ligi mbili za timu sita sita, Central na Pacific. Mgawanyiko ulianza 1950, chanzo kikiwa ugomvi wa kama gazeti la Mainichi, mshindani wa Yomiuri, liruhusiwe kuingia. Kila timu inacheza mechi 143. Piga hesabu: wapinzani watano wa ligi yako, kila mmoja mara 25, ni 125. Wapinzani sita wa ligi ya pili, kila mmoja mara tatu, ni 18. Mechi hizi za kuvuka ligi ni matunda ya vurugu za 2004. Zilianza mwaka uliofuata. Kwa kawaida timu mbili hukutana siku tatu mfululizo, Jumanne hadi Alhamisi, kisha wapinzani wengine Ijumaa hadi Jumapili, Jumatatu mapumziko.

Tofauti na Marekani, Wajapani wanakubali sare. Mechi ikimaliza awamu ya 12 (katika kila awamu kila timu hupata zamu yake ya kupiga) bila mshindi, watu wanakwenda kulala. Sare haikupi pointi kwa sababu pointi hazipo kabisa: msimamo unapangwa kwa asilimia ya ushindi, na sare inatupwa nje ya hesabu. Yokohama, yaani timu ya DeNA, mwaka 2024 walishinda 71, wakapoteza 69, sare tatu. Gawa 71 kwa 140, unapata .507, yaani asilimia 50.7. Yomiuri walioongoza Central walishinda 77, wakapoteza 59, yaani .566. Pengo hilo liweke akilini.

Ratiba yenyewe ina kituko ninachokipenda. Hanshin Tigers nyumbani kwao ni uwanja wa Koshien, uliojengwa 1924, lakini kila Agosti wanaupisha kwa mashindano ya shule za sekondari. Klabu ya kulipwa inafungasha virago nyumbani kwake ili watoto wa shule wacheze! Zamani safari hiyo ya ugenini kwenye joto kali iliitwa barabara ya kifo. Siku hizi wanajisitiri kwenye ukumbi uliofunikwa mjini Osaka, si mbali.

Sasa ubingwa. Anayeongoza Central ni bingwa wa Central, anayeongoza Pacific ni bingwa wa Pacific, na heshima hiyo haiondolewi na mtu. Lakini tangu 2007 ligi zote mbili zina mtoano uitwao Climax Series. Wa pili na wa tatu wanakutana, mechi zisizozidi tatu, zote nyumbani kwa wa pili. Mshindi anakwenda kumkuta bingwa wa ligi, kwa bingwa, na kwa kanuni iliyotumika 2024 bingwa anaanza akiwa tayari na ushindi mmoja mkononi bila kurusha mpira. Wa kwanza kufika nne anapita. Kisha washindi wa pande mbili wanapambana kwenye Nippon Series, anayefika ushindi wa nne ndiye bingwa wa Japani.

Yokohama DeNA, wale wa .507, walimaliza wa tatu. Wakawatoa Hanshin, wakawatoa Yomiuri 4-3 ukihesabu ule ushindi wa zawadi, wakakutana na SoftBank walioshinda mechi 91 msimu huo. Wakapoteza mbili za kwanza, tena nyumbani, halafu wakashinda nne mfululizo. Kwa hiyo Yomiuri bingwa wa Central, SoftBank bingwa wa Pacific, Yokohama bingwa wa Japani. Wajapani wana neno la mdogo kumpindua mkubwa, gekokujo, na mwaka ule lilichoka kutumika. Mimi bado naona ni uonevu kidogo kwa timu iliyohangaika mechi 143, ila nilikesha kuangalia.

Wachezaji wapya hawanunuliwi, wanagombewa. Kila Oktoba klabu zote hutaja kwa pamoja kijana zinayemtaka kwanza, na wakigongana, makocha wanapanda jukwaani kuchota bahasha kisandukuni. Mrushaji Hideo Nomo mwaka 1989 aligombewa na klabu nane. Mwaka 2015 kocha wa Yakult alifungua karatasi yake, akaona nembo, akanyanyua ngumi kushangilia mbele ya kamera. Kumbe nembo ilichapwa kwenye karatasi zote. Yenye maneno ya haki ya kujadiliana ilikuwa kwa Hanshin. Akashuka jukwaani mikono mitupu.

Na wanaotaka kwenda Marekani? Mchezaji yuko huru baada ya misimu tisa. Kabla ya hapo klabu ndiyo yenye neno: ikikubali, anawekwa sokoni siku 45, na klabu inapata ada kulingana na mkataba. Asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza, 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, 15 ya zinazobaki. Mrushaji wa Orix, Yoshinobu Yamamoto, alisaini na klabu ya Marekani, Los Angeles Dodgers, dola milioni 325, Orix wakaweka kibindoni takriban milioni 50.6. Mrushaji mwingine, Roki Sasaki, aliondoka Lotte akiwa na miaka 23. Kwa kuwa hajafika 25, alibanwa na kanuni ya Marekani ya wachezaji chipukizi, inayowekea kikomo fedha za kusaini: Dodgers hao hao walimpa milioni 6.5 za kusaini, na Lotte, waliomkubalia aende mapema, wakaambulia robo ya hizo.