Kabla hujanunua miche ya pembeni, angalia nyasi zako

Wateja wangu wa Dar es Salaam wakiniita kwa ajili ya tuta la maua, swali la kwanza huwa: "Pembeni tuweke mmea gani?" Mimi huinama kwanza nikang'oa unyasi mmoja pale uani. Nyasi ulizonazo ndizo zitakazoamua aina ya ukingo, na ukingo ndio utakaoamua mmea. Watu wengi huanzia mwisho kwa sababu mmea ndio unaowavutia kitaluni, umepangwa kwenye viriba, umemwagiwa maji asubuhi, umetulia chini ya kivuli cha neti.

Kwa nyumba nyingi za Pwani, nyasi ni za aina mbili. Kuna nyasi za Pemba, zenye jani pana na shina nene linalotambaa juu ya ardhi. Hizi ni pole. Zinastahimili chumvi na kivuli kiasi, na zikivuka mpaka unaziona kwa macho. Unapitisha panga, kazi imekwisha. Halafu kuna ukoka. Ukoka hutambaa juu na pia chini ya udongo, na hayo mashina ya chini ndiyo balaa: hupenya chini ya tofali lililolazwa juujuu, huibuka katikati ya maua, na ukiyavuta hukatika, kisha kila kipande chenye kifundo huota upya. Ukiwa na ukoka, hakuna ua la pembeni litakalouzuia, liwe zuri namna gani. Unahitaji kizuizi kilichoingia ardhini angalau sentimita 15, na bado utapita mara kwa mara kukata vinavyoruka juu. Ndugu zetu wa Arusha na Nairobi wenye nyasi za Kikuyu wafuate kanuni hiyohiyo, maana nazo zina mashina ya chini, na zina nguvu kweli.

Ukingo wa bei nafuu kuliko wote ni mfereji. Unavuta kamba, unakata ukuta wa nyasi wima kwa sepeto, unatoa udongo, unabaki na mtaro mwembamba ambao mashina yakifika hewani unayakata. Kwenye udongo mzito wa Moshi au ule mwekundu wa Nairobi unashika umbo vizuri. Kwenye mchanga wa Mbezi au Kigamboni, mvua kubwa ya kwanza ya masika inaubomoa. Huko afadhali matofali.

Na hapo kwenye matofali nina ugomvi wangu wa siku nyingi na mafundi. Wanapenda kuyasimamisha kwa kuyalaza mshazari, yakae kama meno ya msumeno. Yanapendeza siku ya kukabidhi kazi. Lakini mashine ya kukatia nyasi haifiki kwenye zile pembe, kwa hiyo nyasi za pale huota ndefu na mtu inabidi azikate kwa mkono, jino kwa jino. Mimi huzika mstari mmoja wa matofali wima kama kizuizi, kisha upande wa nyasi nalaza mstari mwingine bapa, usawa wa ardhi. Gurudumu la mashine linapita juu yake na nyasi za ukingoni zinakatika zenyewe. Udongo wa tuta uwe chini ya ukingo kwa sentimita tatu hivi, vinginevyo mvua itaumwaga wote njiani. Ukijenga kwa saruji, acha mianya, maana tuta lisilopitisha maji mwezi wa Aprili huozesha mizizi.

Sasa jambo ambalo vitalu havikwambii: ukingo wenyewe hubadilisha udongo. Mawe ya matumbawe, saruji, na yale mawe yaliyopakwa chokaa tuliyoyazoea kwenye ofisi za serikali na shule, yote yana chokaa ndani yake, na chokaa hupunguza asidi ya udongo. Iksora fupi, kile kichaka cha maua ambacho Dar nzima inakipanda pembeni, inataka udongo wenye asidi. Ukiipanda imegusa ukingo wa matumbawe, madini ya chuma yanakuwepo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua, na majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo humwaga yurea, mbolea ya naitrojeni. Tazama kwanza njano imeanzia wapi: njaa ya naitrojeni huanzia majani ya zamani ya chini, njaa ya chuma huanzia majani machanga ya juu. Iksora yenye njano ya juu haihitaji yurea. Ipe mboji nyingi na mbolea yenye chuma ya kunyunyizia majani, au kama ndiyo kwanza unapanga, weka iksora mbele ya ukingo wa matofali ya kuchoma na matumbawe uyapeleke kwenye tuta la mshubiri.

Kuhusu mimea yenyewe, kigezo changu cha kwanza ni mkono wa mtunzaji. Duranta ya njano inauzwa kila mahali kwa ajili ya pembeni, lakini hicho ni kichaka ambacho kikiachwa kinapita kimo cha mtu. Kukifanya kiwe na sentimita 30 ni ajira: msimu wa mvua utashika mkasi kila baada ya wiki mbili au tatu. Ukiiachia ikazaa, vile vitunda vyake vya rangi ya machungwa ni sumu, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo ifikirie mara mbili. Altenantera nyekundu, ule mmea mfupi wa majani ya rangi, nayo inakua haraka hivyohivyo, ila inasamehe ukiikata vibaya.

Kwa mtu asiye na mtunza bustani, penye jua kali na maji ya kisima yenye chumvi kidogo, ninapendekeza potulaka, ua linalotambaa lenye majani manene, au ile reo ya majani ya kijani juu na zambarau chini. Hazitaki mkasi. Utomvu wa reo huwasha ngozi, basi vaa glovu. Penye kivuli cha mwembe, mondo ndiyo chaguo langu, ile inayofanana na nyasi nyeusinyeusi zisizozidi kimo cha kiganja. Usiipeleke kwenye jua la mchana la Dar, ncha zitaungua. Na mchaichai, ambao watu hunieleza kuwa unafukuza nyoka, mimi siupandi kando ya njia: unafika mita moja, unaziba njia, na shina lake lililosongamana ni maficho mazuri ya panya. Uweke nyuma ya jikoni, utie kwenye chai.

Kuna mmea mmoja wa mpaka ambao watu wa mijini wanausahau. Wachagga wamepanda masale, mimea ya jamii ya drasena, kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, tangu zamani, na isale hilohilo hubebwa kwenda kuomba msamaha. Kwa tuta kubwa la nyuma, penye kivuli, linakaa miaka bila kulalamika.

Bei ndiyo hushtua. Mondo hupandwa kwa nafasi ya sentimita 15, kwa hiyo tuta lenye mzingo wa mita 20 linataka miche zaidi ya 130. Usinunue yote. Chagua viriba vilivyojaa hadi vinapasuka, ving'oe, gawanya kila shina katika vipande vitano au sita vyenye mizizi, nawe utahitaji viriba 25 hivi. Fanya hivyo vuli inapoanza, udongo ukiwa umelowa, na uvute kamba kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mstari uliopinda kwenye miche midogo hauonekani. Miezi sita baadaye unaonekana kutoka barabarani.