Nyumba kwa tiketi ya elfu kumi: yanayosemwa na yalivyo

Watu wa Mwanza ni wepesi wa kuchanga. Nenda kanisani siku ya mnada wa sadaka uone kuku mmoja anavyouzwa mara nne, kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Moyo huo ni mali, na ndio unaoguswa na wazo linalozungumzwa siku hizi: mtu ana nyumba haipati mteja, madalali wamemchosha, basi anafikiri aichezeshe bahati nasibu. Tiketi shilingi 10,000, mshindi achukue nyumba, na sehemu ya fedha iende kwa wagonjwa au yatima.

Wazo lenyewe silipingi. Lakini limezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na anayeumia ni yule mama muuza dagaa wa Kirumba aliyetoa elfu kumi yake kwa nia njema.

"Ni ya hisani, kwa hiyo haihitaji kibali"

Inahitaji. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni na vibali. Ukikusanya fedha za watu kwa ahadi kwamba mmoja wao atapata zawadi kwa kubahatika, umeingia kwenye sheria hiyo, hata kama nia yako ni kumtibia mtoto wa jirani. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi, wala tangazo la mchungaji au shehe. Na aliye chini ya miaka 18 hauziwi tiketi, hata akitumwa na baba yake.

"Wazungu wanauza nyumba zao hivyo kila siku"

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa sababu mambo mawili tofauti yamechanganywa.

La kwanza ni bahati nasibu za hospitali. Marekani, hospitali ya watoto ya St. Jude iliyoko Memphis inanufaika na mpango wa nyumba za zawadi ulioanza mwaka 1991 katika mji wa Shreveport, Louisiana. Tiketi imekuwa ikiuzwa dola 100 kwa miaka mingi. Kanada, hospitali ya saratani ya Princess Margaret mjini Toronto inachangiwa kwa njia inayofanana na hiyo. Angalia nyumba inatoka wapi. Kwa St. Jude inajengwa mahususi kwa ajili ya mchezo, na mafundi na wauza vifaa wanachangia saruji, mbao na nguvu zao. Hakuna mwenye nyumba anayesubiri kulipwa bei yake. Ndiyo maana fedha za maana zinabaki kwa watoto wanaougua saratani.

La pili ni mtu binafsi kuondoa nyumba yake sokoni kwa tiketi. Uingereza, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2005 hairuhusu bahati nasibu ya aina hiyo kwa faida ya mtu binafsi. Wenye nyumba wanaojaribu wanalazimika kuifanya shindano: waweke swali linalohitaji ujuzi wa kweli, au waweke na njia ya kushiriki bila kulipa. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 2017, jumba la Melling Manor huko Lancashire. Mwenyewe aliuza tiketi za pauni 2, akilenga kufikisha tiketi 500,000, na nyumba ikapata mshindi. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima. Walioiga wakakwama hawakuandikwa hivyo, ingawa ni wengi: tiketi hazikutosha, nyumba haikutolewa, na mshindi akapewa fedha taslimu badala yake.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hata Ulaya wanafanya", muulize ni ipi kati ya hizo mbili.

"Hesabu inalipa, tena haraka"

Tuifanye hiyo hesabu. Chukua nyumba ya Nyegezi ambayo mwenyewe anataka milioni 120. Kwa tiketi ya 10,000, hizo ni tiketi 12,000 kabla wagonjwa hawajapata hata senti. Sasa sema ameahidi asilimia 30 ya mauzo iende hospitali, na gharama za kibali, wakili, matangazo na makato ya kutuma fedha zimekula asilimia 10. Ili abaki na milioni 120 yake lazima auze tiketi 20,000: milioni 200, ambapo hospitali inapata 60 na gharama 20. Hapo kodi sijaigusa.

Sema ameuza nusu tu, tiketi 10,000. Ameingiza milioni 100. Gharama karibu zote zilishatumika, kwa hiyo toa 20. Hospitali ina ahadi yake ya 30. Amebaki na milioni 50 mkononi, huku akitakiwa kukabidhi nyumba ya 120. Ni binadamu wachache watakaoikabidhi kwa amani. Ndipo kinapoingia kile kifungu kinachoandikwa kwa herufi ndogo: tiketi zisipofika idadi fulani, mshindi atapewa asilimia kadhaa ya makusanyo. Kifungu hicho si uhalifu kikiwa wazi tangu mwanzo. Lakini mtu anayekununulisha tiketi kwa picha ya nyumba wakati anajua uwezekano mkubwa ni kukupa fedha, anakuficha jambo.

Usiridhike pia na neno "sehemu ya mapato". Asilimia 30 ya mauzo na asilimia 30 ya kinachobaki baada ya gharama ni vitu viwili vilivyo mbali sana, na kwenye mfano wetu wa nusu, tafsiri ya pili, gharama ikiwemo bei ya nyumba, ingewapa wagonjwa sifuri.

"Ukishinda tu, nyumba ni yako"

Tiketi haihamishi nyumba. Kinachoihamisha ni karatasi, na Mwanza karatasi zina mambo yake.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Alicho nacho mwenye hati ni haki ya kumiliki kwa muda, usiozidi miaka 99. Ukipewa nyumba yenye hati, bado kuna mkataba wa uhamisho mbele ya wakili, uthamini, kodi za TRA, ushuru wa stempu, ridhaa ya ofisi ya ardhi na usajili kwa Msajili wa Hati. Mpaka jina lako lisomeke pale, hujawa mmiliki.

Na nyumba nyingi za milimani kwetu, kule Mabatini, Igogo na miinuko ya Isamilo, zilijengwa juu ya mawe kabla mpima hajafika. Nyingine zimerasimishwa, nyingine zina leseni ya makazi tu, na nyingine zina karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Watu wanaishi humo kwa heshima zao na kulea watoto. Lakini kuahidi nyumba ya namna hiyo kwa maelfu ya wageni ni kutafuta kesi ya Baraza la Ardhi.

Kuna mwenza pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama asiposaini, mshindi anaweza kujikuta mahakamani na mtu ambaye hakuwahi hata kusikia kuhusu tiketi. Nyumba ya urithi vilevile: mwenye mamlaka ya kuihamisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa. Na kama nyumba iko rehani, benki iko mbele yako.

Nyumba za ufukweni ndizo zinazopendeza kwenye matangazo, na ndizo ninazozihofia zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Walioishi kando ya Ziwa mwaka 2020 na 2024 waliona maji yalivyopanda na kuingia majumbani. Picha ya baraza inayotazama maji haikuonyeshi mita ngapi zimebaki.

Jambo la mwisho hapa ni uraia. Rafiki yako Mkenya wa Kisumu au Mganda wa Entebbe anaweza kuona tangazo lilelile kwenye simu, lakini Sheria ya Ardhi inampa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Hawezi kushinda nyumba ya kuishi Bwiru kama anavyoshinda pikipiki.

"Mshindi halipi chochote"

Marekani, zawadi ya bahati nasibu ni kipato. Nyumba ya dola 500,000 inaweza kumlazimu mshindi kutanguliza kodi ya asilimia 24, yaani karibu dola 120,000, kabla hajapewa funguo, na wengine huishia kuiuza. Hapa kwetu ushindi nao una kodi. Mwenye nyumba naye hatoki bure: mkazi wa Tanzania anapohamisha nyumba kwa faida kuna kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida hiyo, na neno hisani kwenye tangazo haliifuti.

"Tiketi ni sadaka"

Mamlaka ya kodi ya Marekani inasema wazi kwamba bei ya tiketi ya bahati nasibu haihesabiwi kuwa mchango, kwa sababu umenunua nafasi ya kushinda. Naona hilo ni sahihi hata nje ya mambo ya kodi. Anayetaka kuwasaidia wagonjwa wa Bugando na elfu kumi, ikifika moja kwa moja hospitali, yote inafika.

Kwa mwenye nyumba anayetaka kweli kutoa, ziko njia mbili zinazoeleweka. Auze kwa bei inayouzika, ikibidi apunguze, kisha atoe fungu lake. Au aikabidhi nyumba kwa taasisi iliyosajiliwa, nayo iombe kibali na iendeshe mchezo kwa jina lake.

Na wewe unayeombwa ununue, omba namba ya kibali uihakiki Bodi. Omba namba ya hati, wakili afanye upekuzi kwa Msajili: jina la nani, kuna rehani, kuna zuio? Uliza tiketi zisipofika itakuwaje, na jibu liwe kwa maandishi. Halafu uliza fedha zinakaa kwenye akaunti ya nani hadi siku ya droo. Ukipewa namba ya simu ya mwenye nyumba, usitume.