Miezi mitatu ya Maleleji na kwanini sijaiweka tu popote

Kazi yangu ni mahesabu ya anga, kwahiyo jamaa wanaoandika hadithi za kubuni au kutengeneza magemu huwa wananitumia dunia zao nizicheki. Ugonjwa ni uleule, sayari inapewa miezi mitatu mikubwa, mmoja mwekundu mmoja wa bluu, afu basi, huku chini maisha yanaendelea kama Kigamboni. Haiwezekani bana. Ukishachagua mwezi ukae umbali gani, mengine mengi huchagui tena, unapewa.

Ngoja nitumie sayari yangu ya kubuni, Maleleji, ninayoitengenezea gemu. Uzito na ukubwa sawa na dunia, siku masaa 24, mwaka siku 365, sikutaka kujipa tabu.

Mwezi mkubwa unaitwa Mtepe. Mwezi wetu huu uko kama kilomita 384,400 kutoka hapa na unazunguka kwa siku 27.3. Mtepe nimeuvuta mpaka nusu ya umbali huo, na sheria ya Kepler, ile inayofunga umbali na muda wa mzunguko, haina mjadala: ukikata umbali nusu, muda unashuka zaidi ya nusu, inabaki siku 9.6 hivi. Ukijumlisha kwamba sayari nayo inazunguka jua, kutoka mwandamo mpaka mwandamo ni kama siku 10. Ndo maana watu wa Maleleji hawana wiki ya siku saba, wana kumi.

Sasa maji, na hapa ndo wengi wanapigwa. Mwezi ukiwa nusu ya umbali, nguvu ya kuyavuta maji inakuwa mara nane (2 mara 2 mara 2). Pwani ya Tanzania wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) tofauti ya kujaa na kupwa inafika karibu mita 4, na humo jua nalo lina mchango wake, chini kidogo ya nusu ya ule wa mwezi. Sasa chukua mwezi wenye uzito wa huu wetu uuweke pale kwenye nusu: zaidi ya mita 20! Ghorofa sita saba za maji zinakuja na kuondoka karibu mara mbili kwa siku, hapo hamna bandari wala soko la samaki.

Kwahiyo Mtepe nimeupa robo tu ya uzito wa mwezi wetu. Bamvua inatoka mita 6 na ushee, na angani bado unaonekana mpana kuliko wetu. Mita 6 naziweza. Kwenye ramani kuna kijiji cha wavuvi juu ya mwamba, ngazi za mawe zinashuka mpaka baharini, vipandio vya chini vimeota majani ya bahari vinateleza balaa, halafu kuna kimoja ambacho kuanzia hapo kwenda juu ni pakavu, na hakuna anayefunga ngalawa yake chini ya hapo akaenda kulala. Bamvua ni kila siku 5, sio wiki mbili kama kwetu, mama wa mwani anarudi shambani fasta lakini maji mafu, siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, nayo yanapita haraka, wavuvi hawapati kupumua.

Dau ni mdogo, uko kama kilomita 305,000, unazunguka mara moja Mtepe ukizunguka mara mbili. Mpangilio huo upo kweli kwenye miezi ya Jupiter: Ganymede ikienda mara moja, Europa mara mbili, Io mara nne. Na tafadhali wachoraji, Mtepe na Dau ikikaribiana angani lazima iwe na umbo moja, jua linaloimulika ni moja, sio mmoja hilali na jirani yake mpevu.

Hori ndo napenda kuliko yote. Uko kilomita 25,000 tu kutoka kitovu cha sayari, unamaliza mzunguko kwa masaa 11 hivi, yaani unaipita sayari yenyewe inavyojizungusha, kwahiyo unachomoza magharibi na kuzama mashariki. Phobos, mwezi wa Mars, unafanya hivyohivyo. Na kila mzunguko unaingia kwenye kivuli cha sayari, unazimika karibu saa nzima, afu unawaka tena. Mabaharia wangu wanapimia zamu za usiku kwa hilo.

Shida ni kwamba mwezi wa karibu hivyo unashuka taratibu. Wetu unatuhama kama sentimita 3.8 kwa mwaka, Hori unarudi ndani, mpaka siku sayari itauchana vipandevipande ubaki pete. Ila ni mamilioni ya miaka huko mbele, kwenye gemu hili siihitaji, labda toleo la pili.