Surbiton ya kwenye runinga haikuwa Surbiton

Wengi huamini kwamba The Good Life, vichekesho vya BBC vya 1975 hadi 1978, vilirekodiwa Surbiton, kusini-magharibi mwa London, kwa kuwa ndiko hadithi inakotokea. Sivyo. Nyumba mbili za wahusika wakuu, zinazoonekana kwa nje, ziko Northwood, kaskazini-magharibi mwa jiji.

Kosa lenyewe linaeleweka. Mhusika mkuu, Tom Good, anatimiza miaka 40, anaacha kazi ya ofisini, lakini hahamii shamba. Yeye na mkewe Barbara wanachimbua bustani yao na kufuga nguruwe na mbuzi palepale Surbiton, huku jirani yao Margo, mwanamke wa kujisikia asiyevumilia tope, akitazama. Kwangu mimi, Margo ndiye anayechekesha mpaka leo, kuliko hao nguruwe.