Mtera: uzio wa mamba lazima uhame na maji

Kila kiangazi kinapokaza, wakazi wa kandokando ya Bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, huniuliza: "Mtaalamu, uzio wa kuzuia mamba tunapochota maji tumejenga, mbona mamba bado wanakamata watu?" Nawaambia twende kwanza tukauangalie huo uzio uko wapi.

Mtera likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na huweza kutumika kuzalisha umeme hadi yashuke kufikia mita 690. Mita 8.5 si nyingi kwa kusikia, lakini kingo nyingi za bwawa hili ni tambarare, hivyo maji hurudi nyuma mbali sana. Uzio wa miti uliochimbiwa wakati wa masika, ikifika Oktoba unaukuta umesimama nchi kavu, mbuzi wanajikuna kwenye nguzo zake. Mama mwenye ndoo anaupita, anakanyaga tope, anachota palipo wazi.

Hapo ndipo mamba anaposubiri. Macho, masikio na pua zake ziko juu ya kichwa, kwa hiyo mwili mzima huzama naye akaendelea kukutazama. Kwenye taya ana vipele vidogo vyeusi vinavyohisi mtikisiko wa maji. Ndoo ikigusa maji gizani, anajua. Wala hakurupuki. Akishaona watu huja mahali pale pale, saa ile ile, hujisogeza kimyakimya akawangoja.

Kwa hiyo jengeni uzio mwepesi, wa vipande vinavyong'oka, na kijiji kiwe na watu wa kuusogeza kila maji yanaposhuka. Kisima au bomba ni bora zaidi, na hilo viongozi wetu walisikie: hakuna mtu anayepaswa kuhatarisha mkono wake kwa ndoo ya maji. Wavuvi nao, matumbo ya perege na kambale yachimbiwe shimo mbali na mwalo. Mkiyatupa majini mnamwita mamba pale pale watoto wanapooga.

Mtu akiumwa na mamba, hata kama jeraha ni dogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo; mdomo wa mamba umejaa vijidudu na kidonda huoza upesi. Kisha toeni taarifa serikali ya kijiji na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya bila kuchelewa. Kanuni za wanyamapori za Tanzania za mwaka 2011 zinatambua kifuta machozi, yaani fedha za pole kutoka serikalini, kwa aliyejeruhiwa na kwa familia ya aliyeuawa, na familia nyingi hukikosa kwa sababu tu hakuna aliyeandikisha tukio mapema.