Sukari imeganda, imeingia sisimizi, niitupe? Na ile sumu ya mende uliyochanganya na sukari

Mimi ni nesi wa zahanati, na swali la sukari huwa linakuja pembeni. Mama kaleta mtoto kliniki, akishapimwa uzito ananiuliza "nesi, sukari yangu imekuwa jiwe, tunywe tu?" Namjibu, anacheka, anaondoka. Anayeniumiza kichwa ni yule anayekuja mbio saa mbili usiku na mtoto anatoka udenda, kwa hiyo najibu yote hapa.

Sukari inaoza?
Ikiwa kavu na safi, haiozi. Bakteria wanataka maji, na sukari inawanyonya maji mpaka wanashindwa kuzaana.

Nyeupe imeshikana mabonge, ya brown imekuwa jiwe. Ni kitu kimoja?
Hapana. Nyeupe ilipata unyevu halafu ikakauka, punje zikashikana. Ile ya brown laini ya kuokea keki, yenye molasi, inakuwa jiwe ikikosa unyevu, sasa weka kipande cha mkate ndani ya kopo ufunge, kesho yake imelainika, ila utoe huo mkate usije ukaota ukungu humo humo. Zote mbili zinafaa. Hii ya kahawia ya kawaida tunayonunua kilo dukani, ya viwanda vya Kilombero au TPC, punje zake ni kavu, itunze kama nyeupe.

Nitajuaje imeharibika kweli?
Fungua kopo unuse. Imeloa, imekuwa rojo na inanukia kama pombe, imeshaanza kuchachuka, mwaga. Ina ukungu, mwaga, usikwangue juu ukasema chini ni nzima. Inanuka mafuta ya taa, mwaga. Sisimizi peke yao sio kesi, ianike juani kwenye sinia wataondoka wenyewe. Lakini ukikuta mavi ya panya usinichekechee jamani! Chekeche linatoa mavi, mkojo unabaki, na homa ya mgunda ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022 inaenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Kilo moja ya sukari haifiki gharama ya kulazwa.

Niiweke wapi?
Kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na mvuke wa jiko, na kijiko kikavu, sio kile ulichokorogea chai. Sisimizi wakisumbua weka kopo katikati ya sahani yenye maji, bibi zetu walifanya hivyo na hawakulaza mtoto. Chombo kilichokaa dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kupulizia shamba usiweke sukari, hata ukikisuuza mara kumi.

Nikizungushia unga wa sumu ya wadudu chini ya kopo?
Hapana. Mkono huo huo unaogusa kopo ndio unaochota sukari.

Na nikichanganya sukari na sumu ya mende, nikaificha?
Hapana tena. Umeificha kwa nani? Nimepokea mtoto ambaye mchanganyiko uliwekwa kwenye kifuniko cha soda nyuma ya mtungi wa gesi, anatambaa tu hata hajajua kutembea, na alifika mpaka pale. Yeye haoni sumu, anaona sukari.

Akishalamba nimpe maziwa?
HAPANA. Maziwa hayaondoi sumu.

Hata kidogo, wakati nasubiri bodaboda?
Hata kijiko kimoja, hapana. Mtoto aliyelegea akitapika yale maziwa yanaingia kwenye mapafu, sasa tunapambana na vitu viwili. Na wengi hammpi hayo maziwa mkiwa njiani, mnampa, mnakaa, mnamwangalia kama "yamefanya kazi", saa mbili zimeisha.

Mafuta ya kula je, au maji ya chumvi atapike?
Hapana, hapana. Wala usimtie kidole kooni.

Sasa nifanye nini?
Futa kilichobaki mdomoni, mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe mikono na ngozi kwa sabuni na maji, mlaze ubavu kama amelegea, na muondoke. Kimbieni hospitali sasa hivi, msisubiri baba arudi kazini. Beba na pakiti au kichupa cha ile sumu, maana sumu ziko aina nyingi na tiba zinatofautiana. Ukiona jasho jingi, udenda, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatetemeka au anapumua kwa shida, hiyo ni hatari kubwa, dawa tunayo lakini haiwezi kumfuata kitandani kwako.

Mbona anacheza tu, yuko sawa?
Mlete. Zipo sumu za panya zinazozuia damu kuganda, leo anacheza, keshokutwa fizi zinatoka damu. Kucheza sio kipimo, mlete.

Na ukifika usiniambie "ana homa tu" kwa kuogopa kugombezwa, mara ngapi nimeambiwa homa, nikaanza kutafuta malaria, halafu shangazi anakuja kuninong'oneza mlangoni. Sema alilamba nini na ilikuwa saa ngapi. Kugombeza nitagombeza, lakini baadaye.