Reli ya Outer Circle haikuanzishwa na madalali wa viwanja

Melbourne, Australia, watu wanasema sana kwamba Outer Circle, reli iliyozunguka mashariki ya mji kutoka Oakleigh mpaka Fairfield, ilibuniwa na madalali wa viwanja miaka ya 1880 wapandishe bei. Jamani, hapana, wazo lilikuwepo kabla ya hapo. Treni za Gippsland, eneo la mashariki mwa Melbourne, zilikuwa zinaishia Oakleigh, na njia ya kuingia mjini upande ule ilikuwa ya kampuni binafsi, ndo serikali ikawaza kuzunguka. Mwaka 1878 ikainunua kampuni yenyewe, 1879 Oakleigh ikaunganishwa na mji moja kwa moja, kwa hiyo sababu ya kuzunguka ikafa hapo hapo.

Madalali walichofanya ni kulifufua wazo, hilo nakubali kabisa. Reli ikafunguliwa 1890 na 1891, abiria hakuna, 1893 upande wa kaskazini ukafungwa. Kipande cha Camberwell mpaka Ashburton nacho kikafungwa, ila 1898 kikafunguliwa tena, 1948 kikasogezwa hadi Alamein na treni zinapita mpaka leo. Na lile daraja la chuma la zamani pale barabara ya Chandler Highway, juu ya mto Yarra, lilijengwa kwa ajili ya treni hizo, baadaye likapitisha magari, sasa wanapita watembea kwa miguu na baiskeli.